Maswali ya Wasomaji: Gauni, Tabaka na Kicheko katika Filamu za Zamani za Ugiriki

Katika toleo lililopita tulichapisha makala fupi kuhusu vichekesho vya sinema ya Ugiriki vya miaka ya 1950 na 1960, hasa vile ambavyo kisa chake kinaendeshwa na mavazi na mitindo. Makala hiyo ilidai kwamba katika filamu hizo nguo humtambulisha mtu kabla hajafungua kinywa, na kwamba mhusika anayebadili gauni huwa anajaribu kubadili tabaka lake. Barua zilizotufikia zimekuwa nyingi kuliko nafasi tuliyo nayo, na baadhi yake zinapinga dai hilo kwa hoja nzito. Tunajibu chache.

Swali, kutoka Moshi: *Ndugu Mhariri, marehemu babu yangu alikuwa kibarua katika shamba la kahawa la Mgiriki, na Wagiriki aliotusimulia walikuwa watu wa kaptura, vumbi na mikono migumu. Katika filamu mlizozitaja ninaona mabibi wenye glovu na mabwana wenye suti wakizungumza kwenye sebule zenye piano. Ugiriki ya kweli ni ipi kati ya hizi mbili?*

Ndugu msomaji, Wagiriki wa babu yako na hao wa kwenye filamu wangeweza kuwa watu wa kijiji kimoja, hata wa ukoo mmoja. Kilichowatenganisha ni njia ambayo kila mmoja aliifuata kuukimbia ufukara. Wengi wa waliofika Tanganyika walitangulia. Waliobaki nyumbani walipitia njaa kali wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kisha vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyokwisha mwaka 1949, na baada ya hapo vijiji vikaanza kumwaga watu. Baadhi walikwenda Marekani na Australia. Wengine, baada ya mkataba wa mwaka 1960 kati ya Ugiriki na Ujerumani Magharibi, walipanda treni kwenda kufanya kazi viwandani. Wengi mno walihamia Athens, ambayo pamoja na vitongoji vyake ilikuwa na watu kama milioni 1.4 mwaka 1951 na imekwisha kupita milioni 2.5 ilipofika mwaka 1971.

Watu hao walihitaji pa kuishi, na namna mji ulivyowapatia makazi ndiyo iliyozaa jukwaa la vichekesho hivi. Mwenye nyumba ya chini yenye ua alimkabidhi mkandarasi kiwanja chake bila kudai fedha, mkandarasi akabomoa nyumba, akajenga jengo la ghorofa tano au sita, na mwenye kiwanja akalipwa kwa kupewa nyumba mbili tatu ndani ya jengo hilo. Familia ambayo mwaka mmoja ilikuwa ikichangia bomba la uani na majirani, mwaka uliofuata ilikuwa na bafu lake, lifti, na sebule isiyojua iijaze kwa samani gani. Wapangaji wa ule ua hawakupewa kitu. Mtu aliyetajirika ghafla kwa njia hii hana historia ya utajiri. Hajui kuketi kwenye kiti cha Kifaransa, hajui avae nini mchana na nini usiku, na anaogopa kwamba waliotajirika kabla yake watamgundua. Mwandishi wa vichekesho hana haja ya kutafuta zaidi ya hapo.

Kwa hiyo sebule yenye piano ilikuwapo, hasa katika mtaa wa Kolonaki ulio chini ya mlima wa Lykavittos, lakini waliokuwa nayo walikuwa wachache sana kuliko filamu zinavyoonyesha. Hesabu moja itakusaidia kuelewa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Ugiriki, nchi iliyokuwa na watu wasiofika milioni 9, ilikuwa ikiuza tiketi za sinema zaidi ya milioni 100 kwa mwaka. Waliozinunua hawakuwa mabibi wa glovu. Walikuwa mafundi, makarani, watumishi wa nyumbani na wasichana wa viwandani waliojaza sinema za wazi usiku wa kiangazi. Kampuni ya filamu iliyokuwa kubwa kuliko zote, Finos Film, ambayo Filopimin Finos aliianzisha mwaka 1943 wakati nchi ikiwa bado chini ya ukaliaji wa Wajerumani, iliwajua watazamaji wake vizuri. Iliwaonyesha nyumba ya tajiri kwa sababu walitaka kuiona kwa ndani, na ikamfanya tajiri awe kichekesho ili watoke wameridhika.

Mimi nadhani filamu hizi zinasema kweli kuhusu kile ambacho watu walikitamani, na zinadanganya kuhusu namna walivyokipata. Deni halionekani. Miaka ya kazi viwandani huko Stuttgart, Ujerumani Magharibi, haionekani. Maelfu ya watu wa mrengo wa kushoto waliofungwa katika visiwa kama Makronisos wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe na baada yake hawatajwi hata kwa fumbo, kwani kila mswada ulipitia kwa wakaguzi wa serikali, na mtunzi wa vichekesho aliyetaka filamu yake ifike sinema alijua ni mambo yapi hayaguswi.

Swali, kutoka Tanga: *Katika filamu ya shangazi wa Chicago baba mwenye mabinti wanne anaishi kama mtu aliyefikwa na msiba. Kwetu baba wa mabinti wanne anangojea mahari. Je, huyu mzee ana matatizo gani?*

Msomaji anazungumzia *I theia apo to Sikago*, yaani *Shangazi kutoka Chicago*, iliyoandikwa na kuongozwa na Alekos Sakellarios mwaka 1957. Orestis Makris anaigiza mzee mstaafu wa jeshi anayeitawala nyumba yake kama kambi, na Georgia Vasileiadou anaigiza dada yake anayerejea baada ya miaka mingi Marekani na kukuta mabinti wote wanne bado hawajaolewa.

Tatizo la mzee ni kwamba kwao mali ilikwenda upande wa pili. Huko Ugiriki familia ya binti ndiyo iliyotoa mali, na mali hiyo, iitwayo *prika*, ilikuwa fedha, shamba, nyumba, au kwa maskini mashuka yaliyotariziwa na pengine cherehani. Binti asiye na prika alikuwa na nafasi ndogo ya kuposwa na mtu wa maana, na kaka zake mara nyingi walingoja yeye aolewe kwanza ndipo nao waoe. Mabinti wanne kwa pensheni moja ya ofisa mstaafu ni hesabu isiyotoka. Mtazamaji wa mwaka 1957 hakuhitaji kuelezwa, na ndiyo maana filamu haielezi. Desturi hiyo ilikuwa ndani ya sheria yenyewe ya nchi hadi mwaka 1983, ilipofutwa na Sheria namba 1329 iliyorekebisha sheria za familia.

Sasa tazama shangazi anavyolishughulikia tatizo hilo. Angeweza kutoa dola zake akagawa prika nne, na kisa kingekwisha. Badala yake anaanza na vitu vinavyoonekana kwa macho. Samani nzito za kizamani zinatolewa nje, zinaingia za kisasa, mabinti wanavuliwa magauni yaliyofunga hadi shingoni na kuvishwa nguo za wasichana wa zama zao, na mlango uliokuwa umefungwa kwa wageni unafunguliwa kwa muziki na dansi. Lakini shangazi huyohuyo, pamoja na Uamerika wake wote, anashika pia dawa ya kienyeji ya kuangusha mtungi kutoka dirishani ili umwangukie mpita njia, kwa imani kwamba kwa njia hiyo mume atapatikana. Mtungi unafanya kazi sawasawa na gauni jipya. Ninapenda jinsi Sakellarios asivyochagua kati ya hivyo viwili. Waliokuwa wakicheka katika viti vya sinema walikuwa wakipokea vifurushi vya nguo kutoka kwa ndugu zao wa Marekani huku bibi zao wakiendelea kuwaagua kijicho kwa mafuta na maji.

Swali, kutoka Nairobi: *Nimeitazama* Despoinis diefthyntis *mara mbili na nimekasirika mara mbili. Mwanamke msomi anapewa ukurugenzi, kisha filamu nzima inamfundisha kuvaa ili mwanamume amwone. Kwa nini makala yenu iliisifu?*

Dada msomaji, makala haikuisifu kwa hilo, ingawa nakubali kwamba ilipita haraka mahali ambapo ilipaswa kusimama. Kwa wasioijua, hii, ambayo jina lake ni kama kusema *Binti Mkurugenzi*, ni filamu ya mwaka 1964 iliyoongozwa na Dinos Dimopoulos kutokana na kazi ya watunzi wawili, Asimakis Gialamas na Kostas Pretenteris. Jenny Karezi anaigiza Lila, mhandisi anayeteuliwa kuongoza ofisi ya kampuni ya ujenzi, na Alekos Alexandrakis anaigiza mmoja wa wahandisi walio chini yake, kijana mtanashati na mpenda wanawake, ambaye mkurugenzi anajikuta amempenda.

Hasira yako ina msingi, lakini ningekuomba uangalie kicheko kinaelekezwa kwa nani katika kila sehemu ya filamu. Mwanzoni kinawaelekea wanaume. Ofisi imezoea kupumzika, kutongozana na kuchelewa, na anapoingia mwanamke aliyebana nywele, aliyevaa suti ya kazi isiyo na pambo, anayejua mahesabu ya zege kuliko wao, nidhamu inawarudia kwa fedheha. Hakuna anayeonyeshwa kuwa na uwezo kumzidi. Hata mwisho wa filamu hakuna mtu anayethibitisha kwamba hakustahili kiti kile, na hilo kwa mwaka 1964 si dogo. Wanawake wa Ugiriki walipata haki kamili ya kupiga kura na kugombea ubunge mwaka 1952; mbunge wa kwanza mwanamke, Eleni Skoura, alichaguliwa mwaka uliofuata, na waziri wa kwanza mwanamke, Lina Tsaldari, aliteuliwa mwaka 1956. Mhandisi mwanamke mwenye wanaume chini yake alikuwa bado jambo la kukodolewa macho.

Sehemu ya pili ndiyo inayokukera, na mimi pia. Lila anagundua kwamba mamlaka yake ofisini hayamsaidii kitu nje ya ofisi, kwa sababu kijana anamwona kama cheo tu. Basi anaamua kujifunza kuwa mwanamke wa namna ambayo kijana yule ameizoea: nywele za saluni, gauni linalobana, viatu vya mchuchumio. Mtazame Karezi kwa makini hapo, maana ni mwigizaji aliyejua alichokuwa akikifanya. Mwendo wake unaharibika. Mtu aliyekuwa akipita ofisini kwa hatua ndefu na mabega yaliyonyooka sasa hajui aiweke wapi mikono, na kila hatua anaihesabu. Gauni ni zuri, watu wanageuka, na aliye ndani yake anateseka. Mwongozaji angeweza kumfanya apendeze mara moja kama inavyofanyika katika filamu nyingi za aina hii, ambapo msichana anashuka ngazi na wote wanashika vinywa. Akachagua kuonyesha kwamba uanamke huo nao ni kazi ya kujifunza, yenye kanuni zake na maumivu yake, na sijui vichekesho vingi vya wakati ule, vya nchi yoyote, vilivyosema hivyo kwa uwazi huo.

Hata hivyo filamu inakwisha kwa ndoa, na hapo ndipo inaponyamaza kabisa. Kwa sheria ya Ugiriki ya wakati ule mume alikuwa kichwa cha familia na ndiye aliyekuwa na kauli ya mwisho katika mambo yote ya maisha ya ndoa. Kifungu hicho kilifutwa kwa ile sheria ya mwaka 1983 niliyoitaja kwa msomaji wa Tanga. Lila angeweza kumwagiza mhandisi wake asubuhi na kuwa chini ya kauli yake jioni. Watunzi walikuwa na kichekesho kizima mikononi mwao hapo, kikali kuliko kile walichokiandika, na wakakiacha. Kama ni hapo ulipokasirika, basi tuko pamoja.

Neno moja pembeni kuhusu Karezi mwenyewe. Mwaka 1957 alikuwa mmoja wa wale mabinti wanne wa *Shangazi kutoka Chicago*, akivishwa na shangazi. Miaka saba baadaye ndiye mkurugenzi. Na mwaka 1973, chini ya utawala wa kijeshi, yeye na mumewe Kostas Kazakos walipandisha jukwaani mchezo wa Iakovos Kambanellis uliowadhihaki watawala kwa kupitia historia ya nchi, jambo lililomfanya akamatwe. Mashabiki waliomjua kwa magauni yake walikwenda kumsikiliza kwa wingi.

Swali, kutoka Kariakoo, Dar es Salaam: *Mimi ni fundi cherehani kwa zaidi ya nusu ya maisha yangu. Filamu zote hizi zinaonyesha gauni likivaliwa, lakini fundi simwoni. Je, hakuna hata moja inayomhusu yeye? Na je, Ugiriki ilikuwa na mafundi wakubwa wa kweli au walikuwa wakiiga Paris tu?*

Fundi, shikamoo. Swali lako ndilo lililopaswa kuanzisha makala yetu.

Ipo filamu inayojulikana sana, *I Pariziana*, yaani *Mwanamke wa Paris*, ya mwaka 1969, ambayo kisa chake kiko katika ulimwengu wa nyumba za mitindo za Athens, na mshonaji anaigizwa na Rena Vlachopoulou. Kumchagua yeye ilikuwa nusu ya hoja. Vlachopoulou, mzaliwa wa kisiwa cha Corfu, alianza kama mwimbaji wa jazi, na katika filamu alikuwa na sauti kubwa, mikono isiyotulia, na ulimi wa mtu wa mtaani ambao hakuna vazi liwezalo kuuficha. Kumvika mwanamke huyo jina la Paris ni kuweka madai ya tabaka la juu juu ya mwili unaoyakanusha kila unapocheka. Mwongozaji wake, Giannis Dalianidis, alikuwa amewahi kuwa mchezaji na mbunifu wa dansi kabla ya kushika kamera, na inaonekana: nguo katika filamu zake hazisimami zikatazamwa, hutembezwa, huzungushwa, hukimbia.

Lakini ukiniuliza kama fundi halisi wa Athens yumo, nitasema yumo kwa sehemu tu. Katika miaka ile nguo za kununua tayari dukani zilikuwa bado hazijashika soko. Mwanamke wa tabaka la kati alinunua kitambaa, pengine katika maduka ya barabara ya Ermou, akachagua mtindo katika jarida la kigeni, akampelekea fundi wa mtaa, ambaye alimpima mara mbili au tatu kabla ya kumaliza. Fundi huyo, kwa kawaida mwanamke anayeshonea nyumbani kwake na msichana mmoja wa kumsaidia, ndiye aliyegeuza picha ya Paris kuwa vazi la mke wa karani, kwa kupunguza kitambaa hapa na kuficha mshono pale. Kazi hiyo unaijua kuliko mimi. Mbele ya kamera haina mvuto: mgongo ulioinama, pini mdomoni, taa usiku wa manane kuamkia harusi ya mtu. Vichekesho vinachukua mlango wa mbele wa nyumba ya mitindo, yaani kioo, pazia, wanamitindo wakipita mbele ya wateja, na chumba cha nyuma kinapita haraka kama mahali pa umbea na ugomvi. Anayeshona anaruhusiwa kuwa mhusika mkuu pale tu anapokuwa mmiliki, au anapokaribia kuolewa na mmiliki.

Kuhusu kuiga Paris, mambo yalikwenda pande zote mbili. Jean Dessès, aliyezaliwa Alexandria mwaka 1904 kwa wazazi Wagiriki, alifungua nyumba yake ya mitindo Paris mwaka 1937 na kupata sifa kwa magauni ya shifoni yaliyokunjwa mwilini kwa namna ya sanamu za kale za Kigiriki. Valentino, mbunifu maarufu wa mitindo wa Italia, alipitia mikononi mwake kama mwanafunzi wa kazi. Binti mfalme Sophia wa Ugiriki alipoolewa na Juan Carlos, aliyekuja kuwa mfalme wa Hispania, huko Athens tarehe 14 Mei 1962, gauni lake la arusi lilitoka kwa Dessès. Hebu lifikirie hilo kwa jicho la mtazamaji wa vichekesho: vazi lililotukuzwa kuliko yote nchini lilikuwa la Kiparis kwa anwani na la Kigiriki kwa damu, na mafundi wa mitaa yote ya Athens walipelekewa picha zake ili wajaribu kulinakili. Kizazi kilichofuata kilikuwa na Yannis Tseklenis, ambaye kuanzia katikati ya miaka ya 1960 alijipatia jina nje ya nchi kwa vitambaa alivyovichapisha michoro ya vyungu vya kale. Kwa hiyo wakati filamu ziliendelea kumcheka Mgiriki anayejifanya Mfaransa, Wagiriki wa kweli walikuwa wamekwisha kuuza Ugiriki wao kwa wageni kwa bei nzuri.

Jambo hili sinema haikulifuata, na nadhani sababu ni ya kibiashara zaidi kuliko ya kisanii. Mtazamaji aliyetumia fedha zake kidogo kwa tiketi alipenda kumwona anayejikweza akiumbuka. Fundi anayefanikiwa kwa ustadi wake mwenyewe, bila mume na bila uongo, hamchekeshi mtu.

Swali, kutoka Mombasa: *Ugiriki ilikuwa chini ya wanajeshi kuanzia 1967, nao walijitangaza kuwa watetezi wa maadili ya Kikristo. Mbona filamu za 1968 na 1969 zimejaa sketi fupi?*

Ni kweli kwamba makanali waliopindua serikali tarehe 21 Aprili 1967 walianza kwa kuzikemea sketi fupi za wasichana na nywele ndefu za wavulana. Makemeo yalidumu kwa wanafunzi kuliko kwa sinema. Utawala ulitaka watalii na fedha zao za kigeni, na nchi inayojitangaza kwa bahari na jua isingeweza kuonekana imevaa shuka hadi vifundoni. Ulitaka pia watu wawe na shughuli ya jioni. Filamu ya rangi yenye dansi na wanamitindo haikumtisha mkaguzi. Alichokitafuta katika mswada kilikuwa siasa, dhihaka dhidi ya jeshi, na umaskini unaoulizia sababu zake. Ndiyo maana katika vichekesho vya miaka hiyo goti linaonekana sana, na maskini aliyekuwa uani katika filamu za miaka ya 1950, mwenye njaa na deni kwa muuza mboga, anazidi kuwa adimu. Nafasi yake imeshikwa na watu wenye magari ya wazi na likizo za visiwani. Ukitaka kupima udhibiti wa enzi hiyo, mavazi hayatakusaidia sana. Hesabu ni nani ametoweka katika picha.

Swali, kutoka Muscat: *Ninaishi hapa na sijui Kigiriki. Nianze na ipi, na kwa utaratibu gani?*

Anza na *Shangazi kutoka Chicago*, kwa kuwa kicheko chake kingi kiko machoni na mwilini, na uso wa Georgia Vasileiadou hauhitaji mkalimani. Fuata na *Despoinis diefthyntis*, lakini tafuta nakala yenye maandishi ya tafsiri, maana huko maneno yanakwenda kasi na nusu ya utani ni wa ofisini. *I Pariziana* iache ya mwisho. Ni ya rangi, na baada ya kuzizoea nguo katika nyeusi na nyeupe, ambako unalazimika kutambua tabaka la mtu kwa mshono na mkato wa vazi, rangi za mwaka 1969 zitakupiga machoni kama zilivyowapiga wenyewe wakati ule. Televisheni ya Ugiriki, iliyoanza mwaka 1966 na ambayo ndani ya miaka michache ilizimaliza sinema hizi za mitaani, imekuwa ikizirudia filamu hizi hadi leo, kwa hiyo ukiwa na jirani Mgiriki hapo Muscat mkaribishe mtazame pamoja: uwezekano ni mkubwa kwamba atakuwa akitamka maneno ya waigizaji kabla yao.